Turubai la juu ya droo ya gari-nyumba: namna ya kulibadilisha mwenyewe bila kuumizwa na springi

Mwezi wa nane mzee mmoja wa Gungu alinijia kibandani kwangu Mwanga, Kigoma, kofia mkononi. Nikampa shikamoo, nikamsogezea kigoda. "Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayeshona maturubai ya malori. Langu si la lori, ila linavuja, na mvua ziko karibu."

Alikuwa amenunua gari-nyumba lililokwisha kutumika, akalipokea bandarini Dar es Salaam na kuliendesha mwenyewe kupitia Tabora na Uvinza mpaka hapa Kigoma. Nia yake ni kulikodisha kwa wageni wanaopiga kambi ufukweni, upande wa Katonga. Ubavuni lina chumba kinachotoka nje kwa kubonyeza kitufe, kama droo ya kabati, ili ndani pawe na nafasi ya kitanda. Juu ya droo hiyo kuna turubai linalokunjuka chumba kikitoka na kujiviringisha chumba kikirudi. Turubai lilikuwa limepasuka ukingoni, maji yakawa yanasimama juu ya paa la droo na kupenya mpaka kwenye godoro.

Nimeshona maturubai miaka 19, tangu nilipokuwa namshikia marehemu baba taa akimalizia kazi za malori usiku. Magari ya aina hii nimeyatengeneza matatu tu. Hata hivyo nina hakika mwenye gari akiwa na msaidizi mmoja na siku nzima mkononi anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe, na naandika kwa ajili yake. Kuna mambo mawili ambayo watu huyapuuza, nami sitaki uyapuuze: springi na uzi. Springi inaumiza mtu. Uzi ndio unaokufa kwanza, na wengi hutupa kitambaa kizima wakidhani ndicho kilichochoka.

Linavyofanya kazi

Ukingo mmoja wa turubai umeingizwa kwenye reli ya alumini iliyofungwa ukutani mwa gari, juu ya droo. Ukingo wa pili umeingizwa kwenye bomba la alumini lililolala kwenye ukingo wa nje wa droo yenyewe. Kila mwisho wa bomba kuna breketi inayolishikilia, na ndani ya bomba, upande mmoja, kuna springi iliyofungwa kwenye mhimili. Droo ikitoka, turubai linavutwa, bomba linazunguka na springi inajikaza. Droo ikirudi, springi inarudisha turubai kwenye bomba.

Maana yake ni kwamba springi hailali kamwe. Hata droo ikiwa imefungwa kabisa, bado imebaki na mizunguko kadhaa ya kulivuta turubai lisilegee njiani gari likienda. Mtu anayefungua skrubu za breketi akidhani gari lililofungwa ni salama, mhimili unamzungukia mkononi kwa nguvu zote zilizokuwa zimehifadhiwa mle. Kidole changu cha shahada cha kushoto kina kovu la siku hiyo. Ilikuwa gari la kwanza, hakuna aliyenieleza, nikafungua skrubu ya mwisho nikiwa nimeshika breketi kwa vidole vitupu.

Kazi ya turubai lenyewe ni kuzuia uchafu na maji yasikae juu ya paa la droo. Paa likiwa na majani, droo inaporudi ndani inayakokota hadi kwenye mpira unaoziba mwanya kati ya chumba na ukuta. Mpira ukishapata mikwaruzo, maji yana njia ya kudumu. Kwetu hapa adui ni mwembe. Kila mgeni anataka kuegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli, na mwembe humwaga majani, maua, utomvu na maembe mabovu. Vyote hivyo huviringishwa ndani ya turubai vikiwa vibichi, vikaota ukungu mle.

Kagua kabla ya kununua chochote

Toa droo nje, panda ngazi (usikanyage paa la droo, halikujengwa kubeba mtu), ufagie turubai kwa ufagio laini. Kisha fanya jaribio alilonifundisha baba. Chukua sindano nene, pitisha ncha yake chini ya mshono mmoja, uinue taratibu. Uzi mzima unakataa, unainuka pamoja na kitambaa na kukivuta kama kope. Uzi uliokufa unakatika bila sauti, kama unywele uliopitia kwenye moto. Rudia hapa na pale kwenye mshono wote, hasa sehemu inayobaki nje ya mviringo gari likiwa limefungwa, maana hiyo ndiyo inayopigwa na jua kila siku ya mwaka.

Halafu kagua kitambaa. Kikunje mara moja kati ya vidole, ukibane kwa kucha, ukikunjue na kukitazama kwenye mwanga. Turubai la plastiki nene, lile la PVC, likichoka hutoa nyufa nyembamba kama tope la mtoni lililokauka. La akriliki, ambalo ni kitambaa kilichofumwa, huwa jembamba na kuonyesha mwanga kama chujio.

Kitambaa kikiwa kizima na uzi umekufa, huhitaji turubai jipya. Kijana mmoja anayetembeza watalii aliniletea la kwake akiwa ameambiwa aagize jipya kutoka nje ya nchi. Nilifumua mishono yote, nikashona upya katika matundu yaleyale ya zamani, akaondoka nalo siku hiyohiyo.

Tundu dogo, lisilozidi upana wa kiganja, libandike kiraka. Kata kiraka cha kitambaa cha aina ileile kikizidi tundu kwa vidole viwili kila upande, na pembe zake uzikate ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali hunyanyuka kila turubai linapojiviringisha. Safisha kwa spiriti, subiri ikauke kabisa, paka gundi ya PVC pande zote mbili, ngoja ishike kidole bila kunata sana, kisha bandika na ukandamize kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Liache usiku kucha kabla ya kulikunja. Gundi hiyo haishiki vizuri kwenye akriliki, hivyo kiraka cha akriliki kishone.

La mzee wa Gungu lilikuwa PVC nyembamba na limejaa nyufa ukingo mzima. Halikuwa la kupona.

Kulitoa

Kabla ya yote, zima umeme wa droo na funguo ya gari uiweke mfukoni mwako. Mwenzako akiwa ndani akabonyeza kitufe wakati mikono yako iko kwenye bomba, hutapata nafasi ya kupiga kelele.

Kabla ya kuuzima, rudisha droo ibaki imetoka kidogo tu, kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko, inayotosha kufikia bomba na skrubu. Kadiri droo inavyotoka ndivyo springi inavyozidi kukaza, kwa hiyo usifanye kazi hii droo ikiwa imetoka yote.

Sasa piga picha kwa simu. Piga breketi zote mbili, upande wenye springi, na hasa namna kitambaa kinavyotoka kwenye bomba. Turubai linapaswa kutoka juu ya bomba, si chini yake, ili maji yateremke nje bila kusimama kwenye mfereji. Nimeona moja lililorudishwa kinyume, likawa linakusanya maji kama bakuli.

Tafuta tundu la pini kwenye kifuniko cha upande wenye springi. Bomba nyingi zinalo. Zungusha bomba kidogo kwa mkono mpaka tundu la kifuniko lilingane na la mhimili, ingiza pini au msumari unaopita sawasawa, upinde ncha yake isitoke. Hapo springi imefungwa, na unaweza kuondoa skrubu zinazozuia kitambaa kwenye reli ya ukutani, kisha skrubu za breketi, mkalishusha bomba watu wawili.

Kama tundu halipo, fanyeni hivi, bila haraka. Mwenzako anashika bomba kwa mikono yote miwili, amevaa glavu za ngozi. Wewe unabana mhimili kwa plaizi ya kujibana, ile inayokaa yenyewe ukishaibana, halafu unaondoa skrubu za breketi. Mhimili ukiwa huru unauachia ugeuke nusu mzunguko, unabana tena, nusu nyingine, mpaka uishiwe nguvu. Hesabu kwa sauti. Andika idadi na upande uliogeukia kwenye bomba lenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. La mzee lilikuwa na mizunguko 9. Lako litakuwa na idadi yake, usitumie ya mwenzako.

Vivuli vile vya kibarazani au vya mbele ya duka vyenye mikono ya chuma inayojikunja ni habari nyingine. Mikono ile ina springi zake ndani, na ikifunguka ghafla inavunja taya. Ifunge kwa kamba imara kabla ya kugusa skrubu yoyote, au mwachie anayeijua.

Kupima, kukata na kushona

Turubai la zamani ndilo ramani yako. Lichomoe kwenye reli na kwenye bomba, lioshe kwa maji na sabuni ya kipande, lianike, kisha litandaze sakafuni. Ndani ya pindo za kingo mbili utakuta kamba ya plastiki ngumu kama mfupa, ambayo ndiyo inayozuia kitambaa kisichomoke kwenye mfereji wa reli. Usiitupe. Kitambaa huchakaa, kamba ile mara nyingi bado nzima, na kupata nyingine yenye unene uleule hapa Kigoma ni kuhangaika. Nilipoikosa siku moja nilijaribu kamba ya nailoni ya kawaida ikaingia vizuri, lakini ilinyauka ilipovutwa, ikateleza nje ya mfereji siku ya tatu. Tafuta kitu kigumu kisichobonyea, na ujaribu kipande chake kwenye reli kabla ya kukishonea.

Pima upana kutoka ukingo hadi ukingo, ukifuata kitambaa cha zamani na si urefu wa reli, kwa sababu kitambaa lazima kiwe kifupi kidogo kuliko bomba ili kisisugue breketi. Kwa kina, hakikisha droo ikiwa imetoka yote kitambaa bado kinabaki kimelizunguka bomba angalau mara moja. Kisha pima pembe kwa pembe, mshazari wa kwanza na wa pili. Zikitofautiana hata kwa upana wa kidole, turubai litajiviringisha likikimbilia upande mmoja mpaka lijisage kwenye breketi. Hapo wengi huharibu kazi nzuri, na kosa lilianzia kwenye chaki.

Kitambaa: turubai zito la lori linadumu, lakini likijiviringisha huwa nene na halitoshi nyuma ya breketi. Chukua PVC nyepesi au akriliki. Lile turubai jepesi la bluu linalouzwa sokoni kwa mita lipe kazi ya kufunika mahindi. Kwa jua letu, huanza kudondoka vipandevipande kabla msimu haujaisha.

Kama upana wa kitambaa hautoshi na lazima uunge, mshono wa kuungia uende kutoka ukutani kuelekea nje, kwenye njia ya maji. Mshono uliokatiza njia ya maji huyasimamisha na kuyanywa.

Sasa uzi. Uzi wa nailoni una nguvu sana siku unaponunua, na wauzaji watakusifia. Jua linaula nailoni haraka kuliko polyesta. Omba uzi mnene wa polyesta, ule wa viti vya gari na maturubai, na ukiupata uliotengenezwa kustahimili jua, lipa hiyo tofauti ya bei. Uzi wa pamba usiuguse kwa kazi hii, huoza. Mimi huupitisha uzi wa mshono wa mkono kwenye nta ya nyuki inayokuja na wafanyabiashara wa asali kutoka Kibondo au Tabora. Shika kipande cha nta, bana uzi juu yake kwa kidole gumba, uvute mara mbili. Ukisikiliza utasikia ukilia kwa sauti nyembamba, na mkono utahisi uzi umekuwa mkavu na mzito kidogo. Nta inaingia kwenye tundu la sindano na kulijaza, maji yakakosa pa kupita. Baada ya cherehani pia hupaka nta juu ya mshono kwa ndani, nikaisugua kwa kitambaa chenye joto la pasi.

Cherehani iwe ile nzito, sindano namba 18, na hatua ya mshono iwe ndefu, kama milimita 4. Wanawake wenzangu waliozoea kushona vitenge hupenda hatua fupi kwa sababu inapendeza. Kwenye PVC hatua fupi ni kutoboa mstari wa kuchania. Shona mistari miwili sambamba kwenye kila pindo, ya kwanza ikikaa karibu na kamba kadiri mguu wa cherehani unavyoruhusu.

Kulirudisha

Usikimbilie kuingiza kitambaa. Pitisha kidole taratibu kwenye mdomo wa reli, pale kamba inapoanzia kuingia. Pale ndipo turubai la mzee lilipoanza kuchanika: kona ya alumini ilikuwa kali kama wembe, na kila gari lilipotikisika barabarani ilikuwa inakata uzi mmoja baada ya mwingine. Nilichukua tupa ndogo nikaisaga ile kona mpaka ikawa duara, nikamalizia kwa msasa laini. Ilichukua robo saa, na bila hiyo turubai jipya lingefuata njia ya la zamani.

Safisha mfereji kwa brashi ya meno na ukaushe. Puliza silikoni au pakaza maji ya sabuni. Yule mzee alinipa chupa ya mawese akisema yanateleza kuliko kitu chochote. Ni kweli yanateleza, lakini mafuta na grisi hushika vumbi, na vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa ndani ya mfereji. Mmoja alishe kitambaa mdomoni mwa reli, mwingine avute upande wa pili, mkienda kwa mwendo mmoja. Likikwama, rudisheni kidogo, msilazimishe.

Anzeni na ukingo wa bomba, mliviringishe turubai, kisha mlipandishe bomba kwenye breketi na kuingiza ukingo wa pili kwenye reli ya ukutani. Sawazisha kitambaa katikati, kisha funga skrubu za kukizuia. Tumia skrubu zisizoshika kutu. Ya chuma cha kawaida ikikaa kwenye alumini yenye unyevu huila. Matundu ya zamani usiyoyatumia yazibe kwa silikoni ya kuzuia maji.

Rudisha mizunguko ileile uliyoandika, kwa upande wa kukaza, nusu kwa nusu kama ulivyofungua. Kama ulifunga kwa pini, usiichomoe kabla breketi zote hazijakazwa, na unapoichomoa simama pembeni, uso usiwe sawa na mwisho wa bomba. Usiongeze mizunguko ukidhani turubai litakaza zaidi. Linakaza kweli, lakini nguvu hiyo inaenda kwenye mshono wako na kwenye skrubu za reli.

Washa umeme, toa droo nusu mita, simamisha, tazama. Kitambaa kinakaa sawa pande zote mbili? Toa tena. Ikifika mwisho, rudisha yote, utoe mara ya pili. Likikimbilia upande mmoja, fungua skrubu za reli, vuta kitambaa upana wa kidole kuelekea upande wa pili, jaribu tena.

Baadaye

Mvua ikinyesha sana maji hujikusanya katikati. Usiyasukume kwa fimbo kutoka chini, utachoma kitambaa. Rudisha droo polepole kwa kipande kidogo na maji yatamwagika ukingoni. Upepo wa ziwa ukivuma na turubai likaanza kupigapiga, rudisha droo ndani mpaka utulie. Gari likifungwa likiwa na unyevu, lifungue ukipata jua la kwanza, hata kwa nusu saa. Ukungu ukitokea, osha kwa maji, sabuni na brashi laini. Jiki iache, inadhoofisha mishono.

Turubai bovu la mzee sikulitupa. Nililikata sehemu zilizooza, nikaliviringisha na kulifunga kamba, na juu yake nikaandika kwa wino: "Droo ya kushoto. Mizunguko 9, kukaza kwa kufuata saa. Kitambaa kinatoka juu ya bomba." Liko juu ya kabati la gari lake, kwa atakayelifungua baada yangu.